Maji Hayapigi Hodi



Mimi ni fundi cherehani wa Mabatini, hapa Mwanza. Nashona magauni ya harusi ya stara, mabaibui, na nguo za watoto za Idi. Mwezi wa Shaaban ukiingia meza yangu haionekani kwa vitambaa, maana kila mwenye harusi anataka imalizike kabla ya Ramadhani. Bibi harusi akija kupimwa, tunaongea. Ananieleza mapazia yatakuwa rangi gani, kapeti litatoka wapi, seti ngapi za sahani, na udi aliotumiwa na shangazi yake kutoka Unguja. Mimi namsikiliza huku utepe wangu uko kiunoni mwake. Kisha namuuliza swali moja.

"Mvua kubwa ikija usiku na mumeo yuko safarini, utatoka na nini, na utakwenda kwa nani?"

Wengi hucheka. Wanadhani nawatania, au nataka kuwaharibia furaha. Mimi sicheki, na leo nataka niwaeleze sababu, hasa nyinyi mnaotarajia kuolewa mwaka huu.

Tulivyofundwa

Niliolewa nikiwa na miaka 24. Nilifundwa vizuri, Allah amlipe kheri somo wangu. Alinifundisha usafi, kauli nzuri, kutandika, kufukiza nguo, na kumpokea mume akitoka safari. Alinifundisha pia kwamba mwanamke hatoki nyumbani kwake bila mumewe kujua. Nililishika hilo kwa moyo wote, na mpaka leo nalishika.

Lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya nyumba ikiingiliwa na maji. Sanduku langu lilikuwa na doti za kanga, mashuka ya kudarizi, manukato, na bakuli za kioo. Halikuwa na tochi.

Tulipanga vyumba viwili Mabatini. Mume wangu ni dereva wa lori, hukaa njiani siku nne au tano. Chumba kimoja tulilala, kingine niliweka cherehani zangu mbili na meza ya kukatia. Kwa asiyepajua kwetu, ni bondeni. Juu yetu kuna vilima vya mawe makubwa, na nyumba zimepanda katikati ya mawe hayo mpaka kileleni. Mto Mirongo unapita huku ukielekea ziwani. Wakati wa kiangazi ni mto wa kudharaulika, watoto wanauruka. Mvua ikishuka mambo hugeuka, kwa sababu jiwe halinywi maji. Kila tone linaloangukia kilimani linateremka kwetu, linakuta mitaro tuliyoijaza taka sisi wenyewe, na likikosa njia linaingia majumbani.

Mume wangu aliyajua hayo, mimi niliyajua, na mwenye nyumba aliyajua pia. Kila mtu alisema, "Inshaallah mwaka huu hayatafika."

Usiku ule

Ilikuwa Novemba, miaka kadhaa iliyopita. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Jioni wingu lilikuwa jeusi upande wa ziwani na radi inamulika mbali, lakini huku kwetu hilo ni jambo la kawaida. Nikaswali Isha, nikafunga, nikalala. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili, na simu yangu ilikuwa na chaji kidogo sana.

Saa nane usiku niliamshwa na baridi ya mkono. Mkono wangu ulikuwa umening'inia pembeni ya kitanda, na vidole vilikuwa ndani ya maji.

Sikukimbilia mlangoni. Nitawaambia ukweli, nilikimbilia chumba cha kazi. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na mfuko wenye gauni la bibi harusi mmoja, la rangi ya maziwa, lesi ya mkono mrefu na shela yake. Nilikuwa nimelimaliza mchana ule. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilivuta mfuko gizani nikausikia uzito wake, nikajua umeshanyonya maji ya mtaro. Nikaanza kukamua lesi kwa mikono huku maji yananifika magotini na mtoto analia kitandani.

Nilipozinduka nikambeba mtoto, nikataka kutoka. Hapo nikakumbuka kwamba niko na gauni la kulalia, kichwa wazi. Baibui langu lilikuwa ndani ya kabati la mbao. Mbao ilikuwa imevimba kwa maji na mlango ukakataa kufunguka. Nikampigia mume wangu, simu haikupatikana. Nikampigia tena, na simu yangu ikazima.

Nikasimama pale, mtoto begani. Nje kuna kelele za watu na wanaume wanapita. Kichwani mwangu kuna mambo matatu tu: sina nguo ya kujistiri, sijamwambia mume wangu, na nikiondoka vitu vyetu vitaibiwa. Leo nikiyasema mchana kweupe yanaonekana mepesi. Usiku ule yalikuwa mazito kuliko maji.

Aliyenitoa ni jirani yangu, mama wa makamo anayeuza dagaa, ambaye wala si Muislamu. Nyumba yake iko juu kidogo, kwenye mawe. Alishuka na tochi, akapiga mlango wangu kwa teke mpaka komeo likang'oka. Akanikuta nimesimama.

"Binti, unangoja nini?"

Nikamwambia, "Mama, baba mtoto hajui kama natoka."

Akavua kanga aliyojitanda, akanitupia kichwani. "Maji hayapigi hodi, mwanangu, na wala hayangoji ruhusa. Nipe mtoto."

Tulipanda kwenye mawe tukishikana mikono na majirani wengine. Hatukukaa robo saa tukasikia kishindo. Ukuta wa nyuma wa chumba chetu, wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, ulikuwa umelala kwa ndani. Asubuhi tulikuta matofali juu ya kitanda, upande ule anaolala mtoto.

Mume wangu alifika siku ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa nini nilitoka, na kwa nini cherehani moja haikuonekana tena. Hakuuliza cherehani. Aliangalia matofali kitandani muda mrefu, kisha akasema, "Ulidhani ningekukataza?"

Nikamjibu, "Sikujua. Hatukuwahi kuzungumza."

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu na mtaro ni wa jamii nzima, lakini kutozungumza ni kosa lililokuwa letu sisi wawili, ndani ya nyumba yetu.

Si mimi peke yangu

Baadaye nilisoma habari za Bangladesh, nchi ya ndugu zetu Waislamu. Tarehe 29 Aprili 1991 ilipigwa na kimbunga kilichoua watu wapatao 138,000, na wanawake waliokufa walikuwa wengi mno kuliko wanaume. Waliochunguza walikuta sababu zinazofanana na zangu: wanawake walibaki majumbani kulinda watoto na mali, wengine walingoja mume aseme watoke, wengine waliona haya kwenda kukaa kwenye majengo ya hifadhi yaliyojaa wanaume, na nguo zao ndefu ziliwazuia kukimbia na kuogelea.

Nilisoma nikalia, kwa sababu niliwajua wanawake wale. Nilikuwa mmoja wao, isipokuwa mimi nilikuwa na jirani.

Nchi ile haikuacha dini yake ili iokoe wanawake wake. Walijenga hifadhi nyingi zaidi, nyingine zikiwa na sehemu ya wanawake, wakaongeza wanawake kati ya watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, na watu wakazoea kuondoka mapema. Kimbunga kikali cha Sidr kilipokuja Novemba 2007 kiliua watu kama 3,400. Ni msiba bado, lakini angalieni tofauti ya hesabu.

Na nyinyi wa visiwani msiseme haya ni ya mbali. Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa mtawala, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha majahazi na meli zake bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Na wengi wetu tunakumbuka Hidaya, Mei 2024, kilichoingia Mafia tarehe 4 huku watu wa pwani nzima wakifuatilia taarifa kila saa. Vimbunga hutufikia mara chache kwa sababu vinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, na msukumo huo ni dhaifu karibu na ikweta. Lakini jambo la mara chache ndilo linalomkuta mtu hana tochi.

Huku kwetu kanda ya ziwa hatupati kimbunga, tunapata dhoruba. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na joto. Upepo kutoka kila upande wa nchi kavu unashuka ziwani, unakutana, hewa yenye unyevu inapanda juu na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana wavuvi wetu huogopa usiku na alfajiri. Na bara nako kuna mvua za mawe. Mapema Machi 2015, kijiji cha Mwakata wilayani Kahama kilipigwa usiku na mvua ya mawe na upepo, nyumba za udongo zikawaangukia watu wamelala. Waliokufa hawakupungua 38.

Ruhusa iombwe wakati wa jua

Sasa niwaambie tunavyoishi sisi leo. Nawaandikia nilichofanya nyumbani kwangu.

La kwanza halina gharama hata shilingi. Mume wangu na mimi tulikaa mchana, hakuna mvua, tukakubaliana: nikiona hatari natoka, bila kupiga simu kwanza. Nikifika salama ndipo namjulisha. Tukakubaliana pia mahali, ili asinitafute ndani ya maji: kwanza kwa yule mama wa dagaa juu kwenye mawe, na kama hakufikiki, msikitini. Mahali pa pili ni muhimu, maana njia ya kwanza inaweza kuzibwa.

Mimi si mwanachuoni. Nilimuuliza ustadhi wetu kama nilikosea usiku ule kwa kutoka bila idhini. Alinijibu kwamba kuiokoa nafsi ni katika mambo makubwa ambayo sheria imekuja kuyalinda, na mwenye dharura ana hukumu yake. Akaniambia hata stara, mtu hujistiri kwa kile alichokipata. Nilishukuru. Lakini pia nilijua kwamba usiku wa maji si wakati wa kukumbuka fatwa. Ndiyo maana nawaambia wanaoolewa: ulizaneni katika mwezi wa kwanza wa ndoa. Mume mwema atafurahi kwamba una akili ya kuilinda familia yake.

La pili, baibui langu halilali kabatini. Nyuma ya mlango kuna msumari, na juu yake kuna baibui la kuvaa kwa kichwa mara moja, pamoja na mtandio ulioshonewa mpira, hauhitaji pini. Nimelikata fupi kidogo, linaishia kwenye kifundo cha mguu, na chini nimevaa suruali pana. Nguo inayoburuta kwenye maji inakuvuta. Namshonea kila bibi harusi wangu baibui kama hilo na kumpa zawadi. Yeye huliita baibui la mvua.

La tatu, begi. Ni begi moja la mgongoni, ili mikono ibaki kubeba mtoto. Ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa nimeweka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi ya kliniki na pesa taslimu kidogo, kwa sababu mtandao ukikatika pesa za simu hazikusaidii. Nimeongeza tochi, betri, dawa, pedi, kanga mbili, nguo za mtoto, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Simu ikizima, namba za watu wako zimezima nayo. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji iko juu kabisa. Begi linakaa chini ya lile baibui.

Nyumba yenyewe

Tulihama kile chumba, lakini hatukuhama Mabatini. Riziki yetu ipo hapa. Tulitafuta nyumba iliyopanda kidogo, yenye msingi wa mawe. Ukiwa unatafuta nyumba na mchumba wako, usiangalie rangi ya ukuta kwanza. Inama uangalie chini. Alama ya maji ya mwaka jana haifichiki, iko kwenye plasta na kwenye miguu ya milango. Waulize majirani wanawake, wao ndio hukaa nyumbani. Mwenye nyumba atakwambia hapafiki maji, lakini jirani atakuonyesha kwa mkono yalipofika.

Paa linahitaji fundi mzuri. Upepo haulibonyezi paa, unaingia chini yake pembeni na kulinyanyua. Kwa hiyo pembeni na kwenye kona ndiko misumari iwe ya kutosha, ile ya bati yenye mpira. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au chuma kilichoingia kwenye linta. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, usidanganywe na ukubwa wa namba. Na yale mawe tunayopenda kuyapanga juu ya bati huku Mwanza, tuyashushe. Upepo ukishalinyanyua bati, jiwe linashuka kwa mtu.

Matawi yanayolalia nyumba yakatwe kabla ya vuli na kabla ya masika. Ndugu zangu wa pwani, angalieni minazi iliyoinamia vyumba vya kulala. Mtaro wa mbele ya mlango tunauzibua kila mwezi, wanawake wa nyumba sita tumejigawia zamu. Tuna viroba vya mchanga vinane vilivyopangwa nyuma ya nyumba kwa ajili ya kizingiti.

Ndani, vitu vyangu vimepanda. Kitambaa cha mteja hakikai sakafuni tena. Nimefunga kamba ya chuma karibu na dari, na kila nguo iliyokamilika inaning'inia ndani ya mfuko wa nailoni nene nilioushona mwenyewe. Unga, mchele na sukari viko kwenye ndoo zenye mfuniko. Maji safi yako kwenye madumu mawili yaliyojaa wakati wote, kwa sababu siku ya mafuriko maji ni mengi kila mahali na ya kunywa hakuna.

Soketi zetu fundi alizipandisha juu. Mvua ikianza kwa nguvu nazima swichi kuu kabla maji hayajaingia. Yakishaingia na umesimama ndani yake, usiiguse, ondoka. Radi ikipiga nachomoa waya zote, naacha bomba, na simami chini ya mti.

Na jiko la mkaa. Mvua ikinyesha tunaliingiza ndani tupate joto, tunafunga mlango na kulala. Limeua familia nzima nzima kwa hewa yake isiyo na harufu. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha tunapolala tufunge milango, tufunike vyombo na tuzime moto. Ukiyafanya hayo matatu kila usiku, umeshafanya nusu ya maandalizi.

Siku wakisema inakuja

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Sikilizeni redio, na msipuuze kwa kuwa mara iliyopita haikunyesha kwenu. Nikisikia angalizo nachaji simu na pawabenki, nawasha tochi kuona kama inafanya kazi, nalitazama begi. Nikisikia tahadhari, natoa kazi za wateja na kuzipeleka juu kwa jirani, na mtoto hulala na nguo nzito. Tahadhari kubwa ikitoka sisi hatulali bondeni. Tunakwenda mapema, kuna mwanga, tukiwa tumevaa vizuri na kwa heshima zetu.

Maji yanayokwenda kasi msiyavuke. Maji ya kufika kifundo na juu kidogo yanaweza kumwangusha mtu mzima, na hujui chini yake kuna shimo gani. Wa pwani wakumbuke kwamba katikati ya kimbunga upepo hutulia, jua linaweza hata kuonekana, kisha unarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Msitoke mpaka mtangaziwe. Yakishakwisha, chemsheni maji ya kunywa hata kama yanaonekana safi, maana vyoo vimechanganyika na visima.

Lile gauni

Mtauliza, bibi harusi yule je?

Nilimpigia siku ya tatu. Nilikuwa na uwezo wa kusema ni qadari nikanyamaza, na kweli ni qadari. Lakini ule mfuko niliuweka sakafuni kwa mkono wangu, nikijua tunakaa bondeni. Kitambaa chake kilikuwa amana. Mama yake alinisema maneno makali na nikayanyamazia. Binti mwenyewe aliuliza, "Mtoto wako yuko salama?" Nikalia upya.

Nililipa lesi ile kwa awamu tatu. Gauni nililishona tena kwa usiku tisa kwenye cherehani ya kuazima, bila kuchukua pesa ya ufundi. Aliolewa siku yake ileile. Lile la kwanza ninalo hadi leo, limebaki na rangi ya tope pindoni. Ndilo ninalowaonyesha wanaocheka swali langu.

Nimewahi kuambiwa na dada mmoja kwamba maandalizi mengi namna hii ni upungufu wa tawakkul. Nilimkumbusha yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, akaagizwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Nikamkumbusha pia Bibi Aisha alivyosimulia kwamba Mtume alipoona wingu zito, uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka mpaka mvua inaposhuka. Kama yeye aliingiwa na hofu, sisi ni nani tulale fofofo?

Mvua ikianza sasa, naomba iwe yenye manufaa, ninamfunika mwanangu, na ninaangalia msumari nyuma ya mlango. Baibui lipo. Begi lipo. Mume wangu akiwa njiani hunitumia ujumbe mmoja tu: "Wingu nimeliona. Ukiona vibaya, toka."

Mwezi uliopita alikuja bibi harusi mwingine kupimwa. Nilimuuliza swali langu. Hakucheka. Akaniambia, "Dada, tumeshazungumza. Nitakwenda kwa mama mkwe, yuko mlimani." Nikamwandikia kwenye daftari, chini ya vipimo vyake: baibui la mvua, moja.

Allah azilinde nyumba zenu na wote walalao ndani yake, awarudishe waume zenu salama kutoka baharini, ziwani na barabarani, na aijaalie mvua yetu iwe rehema. Amin.